Toyota IST imetoka service sailensa haitulii: usinunue kontroboksi

Rudisha hiyo hela mfukoni kwanza. Gari imeingia gereji inatembea vizuri, ikabadilishwa plagi na kusafishwa throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), ikatoka sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka na taa ya injini inawaka. Halafu jioni ileile unauliza bei ya kontroboksi, kompyuta ya injini, ya mtumba! Yaani iishi miaka yote hiyo, ije ife siku fundi ameshika bisibisi? Na hao waliokujibu "ni kontroboksi hiyo mkuu", wainunue wao. Mimi ninayo moja kabatini, nzima kabisa, namba yake ya spea inayoanza na 89661 inasomeka vizuri. Dukani spea ya umeme ikishatoka hairudi, kwa hiyo anayeitaka aje inboksi, nitampa bei ya msiba.



Kanuni ni moja: anzia alipopita mkono wa fundi. Ili afikie throto alitoa boksi la chujio la hewa na bomba lake. Hapo amechomoa soketi ya sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia injini), amelegeza klipu za bomba kubwa na amevuta vipira vidogo vya hewa. Kwenye plagi amechomoa soketi nne za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na kufungua bolti za spana namba 10. Hiyo ndiyo orodha yako ya washukiwa, na wote unawafikia bila kununua kitu.

Kabla hujagusa chochote, tafuta mwenye mashine akusomee namba za hitilafu. Uziandike namba zenyewe, usikubali maelezo ya mdomo. Na fundi asichomoe terminali ya betri "ili taa izime", maana namba zinafutika na ushahidi unaondoka nazo.

Zikija P0102 na P0113 kwa pamoja, karibu kila mara ni soketi ya sensa ya hewa haijaingia sawasawa. Sensa ya joto la hewa imo humohumo ndani yake, kwenye soketi moja ya nyaya tano, ndiyo maana zinalalamika zote mbili. Sukuma mpaka isikike "ta!", kisha ivute kidogo. Ikitoka, kilimi cha plastiki kimevunjika.

Ikija P0171, hapo ndipo watu wanapigwa. Mpimaji ataangalia skrini, atikise kichwa, aseme sensa ya oksijeni imekufa. Haijafa, ndiyo iliyoripoti! Unamkamata aliyepiga simu polisi na mwizi unamwacha. Namba hiyo inasema hewa imezidi mafuta: baada ya service, mara nyingi kuna hewa inaingia injini bila kupimwa na sensa ya hewa. Kipira kilichochomoka nyuma ya throto, au gasketi ya throto iliyokaa vibaya, husumbua zaidi kwenye sailensa kwa sababu hapo injini inavuta kwa nguvu na inahitaji hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo ni kubwa. Ukikanyaga mafuta inatulia. Klipu ya bomba kubwa iliyolegea ni kinyume, inasumbua ukikanyaga, injini inapotikisika na bomba kufunguka mdomo. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba, usiangalie juu tu. Juu panakaa vizuri, chini ndipo panapobaki wazi.

P0301 mpaka P0304 ni silinda inayomisi, yaani haichomi mafuta sawasawa, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda yenyewe. Hamisha koili ya hapo iende silinda nyingine, futa namba (ulishaziandika), washa. Namba ikihama na koili, koili mbovu. Ikibaki palepale, chomoa plagi uangalie kauri yake kama ina ufa. Fundi akiingiza spana ya plagi upande, kauri inapasuka na kwa macho ya haraka huoni.

Kila kitu kikiwa mahali pake na sailensa bado iko juu, kompyuta inakumbuka throto ilipokuwa chafu. Injini ikishapata moto, iache sailensa dakika kumi AC imezimwa, kisha dakika kumi imewashwa. Kama throto ni ya umeme, mtu asiisukume kwa kidole wakati swichi iko ON.

Weka hizo namba hapa tuzione. Picha ya dashibodi haisaidii, taa inayowaka wote tunaijua.