Usinunue kadi ya grafiki kwa kusoma teraflopu peke yake

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuingia kwenye kazi ya kurenda nyumba kama wewe. Nimelinganisha RTX 3060 na RTX 4060. Ya kwanza ina teraflopu 12.7, ya pili 15.1. Si nichukue hiyo ya 15?"

Kurenda ni kuigeuzia kompyuta mchoro wa 3D uwe picha kamili, na teraflopu moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde. Nilisoma mara mbili. Swali hilohilo nilijiuliza mwanzoni mwa 2023, nikajijibu mwenyewe bila kumuuliza mtu, na jibu lile lilinipotezea mteja.

Wakati ule nilikuwa narenda kwa prosesa tupu, bila kadi ya grafiki. Picha moja ya sebule, dakika arobaini. Nikapata kazi ya nyumba ya ghorofa moja. Mwenye nyumba yuko Dodoma, anataka picha sita na video fupi ya kuizunguka kwa nje. Wiki ileile zamu yangu ya upatu ikafika. Niliona Mungu kanifungulia mlango. Nikashika laki tatu, nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Kadi za mtumba zilikuwa zimejaa. Ethereum, sarafu ya kidijitali, ilikuwa imeacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tangu Septemba 2022, na wachimbaji wengi duniani walikuwa wanauza mashine zao. Muuzaji akaniwekea mbili mezani: GTX 1060 ya NVIDIA yenye memori ya gigabaiti 6 na RX 580 ya AMD yenye gigabaiti 8, bei karibu sawa. Mimi nilikuwa nimeshasoma jedwali usiku kucha. 1060 teraflopu 4.4, 580 teraflopu 6.2. Sikuuliza kitu kingine. Nilitoka pale na RX 580 imefungwa kwenye gazeti, nimeikumbatia.

Nyumbani nikaichomeka, feni zikazunguka, skrini ikawaka. Nikafungua Blender, programu ninayorendea, nikaingia sehemu ya kuchagua kifaa cha kurendia. Maandishi yakatoka kwamba hakuna kadi inayofaa. Nikazima, nikawasha. Nikafuta draiva, nikaweka nyingine. Saa nane za usiku ndipo nilipoelewa. Kuanzia toleo la 3.0, lililotoka Desemba 2021, Blender iliachana na OpenCL, na hiyo ndiyo njia iliyokuwa inaziwezesha kadi kama yangu kurenda. Njia mpya iliyowekwa kwa kadi za AMD, yaani HIP, haikuzifikia za kizazi cha RX 580. Ile GTX 1060 niliyoiacha mezani ingerenda usiku uleule kwa CUDA, njia ya kadi za NVIDIA. Kwa hiyo teraflopu zangu 6.2, kwa kazi iliyonipeleka dukani, zilikuwa sifuri.

Nikajaribu kurudi kwenye toleo la 2.93, la mwisho kukubali OpenCL. Faili likafunguka nusunusu: nyasi na miti yote niliyoipanda kwa nodi za toleo jipya haikuonekana, nyumba imesimama kwenye kiwanja kitupu.

Halafu likaja lililoniuma zaidi. Nilifungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi ilivyo ndani. RX 580 kamili ina viini 2304, yaani vijisehemu vinavyofanya hesabu. Yangu ilisomeka 2048. Kumbe mwaka 2018 lilitoka toleo la soko la China linaloitwa RX 580 2048SP, lenye idadi ya viini ya RX 570, na ndilo nililouziwa kwa bei ya RX 580 kamili. Niliporudi, jibu lilikuwa mali ikishatoka dukani hairudi. Sijui kama muuzaji mwenyewe alikuwa anafahamu. Ninachojua ni kwamba nilisimama pale kaunta na kadi mkononi, na hakuna aliyetaka kuniangalia usoni.

Kazi nikaimaliza kwa prosesa, siku nne baada ya ahadi. Mteja alilipa. Hakunipigia tena.

Sasa tuitazame hiyo namba. Teraflopu haipimwi kwa kurenda kitu chochote. Unachukua idadi ya viini, unazidisha kwa mbili kwa sababu kila kiini kinaweza kuzidisha na kujumlisha kwa pigo moja, kisha unazidisha kwa gigahezi, yaani kasi ya mapigo hayo, na kugawanya kwa elfu moja. Chukua kikokotoo: RTX 3060 ina viini 3584 kwa gigahezi 1.777. Inakuja 12.7. RTX 4060 ina viini 3072 kwa gigahezi 2.46. Inakuja 15.1. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, siku ambayo kila kiini kina kazi na hakuna kinachosubiri. Siku hiyo haipo.

Fikiria mapishi ya shughuli. Una wapishi ishirini wa pilau, lakini maji yanatoka kisima kimoja kwa ndoo moja. Kuongeza mpishi wa ishirini na moja hakuivishi pilau mapema. Ndoo ni memori ya kadi na kasi yake. Kuna GT 1030 za jina moja, viini 384 zote, lakini moja ina memori ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, nyingine DDR4 inayopitisha 16.8. Mwenye kusoma jina na viini tu ataona ni kadi ileile.

Na hata viini vyenyewe havihesabiki sawa toka kizazi hadi kizazi. RTX 3070 ina teraflopu 20.3, RTX 2080 Ti ina 13.4, na kwenye magemu mengi zinakwenda bega kwa bega. Sababu moja ni kwamba kwenye kizazi cha 3070 nusu ya viini vinavyohesabiwa hufanya pia hesabu za namba kamili, na vikiwa huko havipo kwenye zile za desimali, ambazo ndizo teraflopu inazozihesabu. Vijana wanaopanga kadi kwa teraflopu za vizazi tofauti wanajidanganya, na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao. Tuache uvivu. Anza na programu unayotumia, soma kwenye tovuti yake inakubali kadi zipi, na usitoe hata shilingi kabla hujasoma hapo. Ukinunua mtumba, omba iwashwe mbele yako na GPU-Z ifunguliwe. Anayekataa kuiwasha, mwache na kadi yake.

Leo natumia RTX 3060 ya gigabaiti 12. Mwezi uliopita imenirendea mtaa mzima wa nyumba kumi na nne, miti na magari, nikakabidhi kabla ya siku. Nasema hivi kwa fahari, nimeisotea.

Ila sikumwambia kijana anunue kama yangu. Kwa picha inayoenea kwenye gigabaiti 8, ambazo ndizo memori yote ya ile 4060, hiyo 4060 inarenda haraka kuliko yangu, na inakula wati 115 dhidi ya 170. Anayenunua umeme kwa LUKU anajua maana yake. Picha ikizidi hapo ndipo inapoanza kuazima RAM ya kompyuta, kasi ikaanguka, au ikagoma kabisa. Nikamwambia: mdogo wangu, fungua kazi yako kubwa kuliko zote, irende kwa hiyo laptopu yako polepole, kisha tazama juu ya dirisha la picha, namba inayofuata neno Peak, yaani memori nyingi kabisa iliyotumika.

Jana jioni kanitumia picha ya skrini. Sebule, jiko, bustani ya nyuma, na pale juu: 9,800M, yaani megabaiti 9,800, zaidi ya gigabaiti 8.

Nimemjibu achukue 3060, ahakikishe ni ile ya 12 kwa sababu ya gigabaiti 8 nayo ipo kwa jina hilohilo, na kabla ya kulipa anitumie picha ya GPU-Z.