Maswali ya Wasomaji: Mashamba Makubwa Yaligawanywaje, na Nani Aliyalipia?

SWALI: Babu yetu alihamia Kinangop mara tu baada ya Uhuru, akapewa shamba katika skimu ya makazi. Wazee wanasema aliendelea kulipa mkopo wa shamba hilo hadi uzeeni. Ikiwa ardhi ilichukuliwa na walowezi bila malipo, kwa nini Serikali yetu wenyewe ilimtoza babu fedha? (Msomaji, Nyandarua)

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako liliigawa Kenya changa kuliko swali lingine lolote, na wapo waliopoteza vyeo kwa sababu yake.

Mashamba ya walowezi katika nyanda za juu yalifikia takriban ekari milioni saba na nusu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi huko. Uhuru ulipokaribia, walowezi wengi walitaka kuuza na kuondoka, lakini hapakuwa na mnunuzi. Uingereza ikakubali mpango ulioanza 1962, uliojulikana kama mpango wa ekari milioni moja, ambao Serikali ingenunua mashamba kwa hiari ya muuzaji, iyakate vipande na kuwapa wakulima wadogo. Katika muda usiofika miaka kumi, takriban familia 35,000 zilipata ardhi kwa njia hiyo.

Fedha za kununulia ndizo zilizomfikia babu yako kama deni. Sehemu ya bei, kama theluthi moja, ilikuwa msaada wa Uingereza, na iliyobaki ilikuwa mkopo. Benki ya Dunia nayo ilikopesha kwa zile skimu zilizokuwa na mashamba makubwa kidogo, zilizokusudiwa watu wenye mtaji na ujuzi wa ukulima. Mkulima alikopeshwa ardhi na mfuko wa makazi wa Serikali ili arudishe kwa miaka 30 pamoja na riba ya asilimia sita na nusu, na juu yake akachukua mkopo mwingine, wa muda mfupi zaidi, kwa ajili ya ng'ombe wa gredi, waya wa ua na mbegu. Hatimiliki haikutoka mpaka deni limalizike. Mkulima wa Kinangop aliyetegemea maziwa, viazi na pareto alianza kudaiwa kabla shamba halijamzalia chochote, na msimu mmoja wa baridi kali ulitosha kumrudisha nyuma kabisa.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika hesabu hizo ni kipimo cha bei. Mashamba yalithaminiwa kwa kufuata bei za 1959, yaani kabla ya mkutano wa katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwatia walowezi hofu na kuangusha soko la ardhi. Muuzaji alilindwa asipate hasara ya siasa, na hasara hiyo ikahamishiwa kwa mkulima aliyeanza maisha bila akiba. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria, alipinga waziwazi kuwauzia watu maskini ardhi iliyonyang'anywa, akauacha unaibu waziri mwaka 1964. Jaramogi Oginga Odinga alisimama upande huo huo. Kenyatta na wenzake walishikilia kwamba hakuna cha bure, na kwamba kunyang'anya mashamba kungefukuza mitaji na kuharibu kilimo cha kuuza nje. Hoja yao ya uchumi haikuwa ya kubeza. Lakini ingeaminika zaidi kama masharti yangekuwa sawa kwa wote, na hayakuwa: katika skimu nyingi nyumba ya mlowezi ilitengwa pamoja na ekari zipatazo mia moja, na sehemu hizo nono zikaenda kwa wakubwa wa Serikali na wanasiasa, huku mashamba mengine mengi yakiuzwa yakiwa mazima kwa wenye uwezo bila kukatwa kabisa.

Naomba pia tulitazame kwa uangalifu neno la kwamba ardhi ilichukuliwa kwetu. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na Laikipia ilikuwa malisho ya Wamaasai, waliohamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Watu wa Kiambu na Murang'a waliopoteza ardhi yao kwa walowezi walipewa makao mapya Nyandarua, na Wamaasai hawakurudishiwa ya kwao. Madai hayo hayajaisha, na si haki kuyafuta kwa sababu tu familia zetu zilitaabika kulipa.

SWALI: Marehemu baba alipewa eka tatu wakati wa Mzee Karume. Sasa tumebaki mama na watoto saba, na wenzangu wanataka tuzigawe na kila mtu auze fungu lake. Je, tunaruhusiwa? (Msomaji, Wilaya ya Magharibi, Unguja)

JIBU: Kwanza pokeeni pole kwa msiba. Katika jambo lenu kuna haki za aina mbili, ya ardhi na ya mirathi, na lazima zitenganishwe.

Kabla ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa ya mikarafuu na minazi yalikuwa ya watu wachache, na wakulima wengi waliishi humo kwa ruhusa tu: walilima muhogo na mazao mengine ya msimu chini ya miti, lakini hawakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mwenye mti angeweza kudai haki. Baada ya uchaguzi wa 1957 wengi wao walifukuzwa kwa sababu za siasa, na uchungu huo unaeleza kwa nini Serikali ya Mapinduzi iliharakisha jambo la ardhi. Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya umma, mashamba makubwa yakachukuliwa bila fidia, na kuanzia 1965 watu zaidi ya 20,000 wakapewa eka tatu tatu. Tofauti na Kenya, hakuna aliyedaiwa hata senti.

Lakini baba yenu hakupewa umiliki kamili. Alipewa haki ya kuitumia ardhi ambayo mwenyewe ni Serikali, kwa masharti ya kuilima, kutoiuza na kutoikata vipande. Masharti hayo yaliwekwa ili shamba lisirudi kwa matajiri, na kwa nia hiyo yalikuwa ya hekima. Ila hayakuoana na desturi ya waliopewa, kwa kuwa Muislamu akifa mke mwenye watoto hupata thumuni, na kinachobaki huwa cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke. Ndiyo maana familia nyingi za jirani na mji zimezigawa eka zao kimyakimya zikawa viwanja vya nyumba, na aliyenunua kwa njia hiyo hukaa na karatasi ambayo haitamtetea siku ya mgogoro.

Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 ilizileta eka hizi chini ya utaratibu wa haki ya matumizi ya ardhi. Ushauri wangu ni kwamba msiuze chochote kwanza. Mirathi ithibitishwe kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha mwende Kamisheni ya Ardhi na hati ya baba mkaombe haki hiyo iandikwe kwa majina ya warithi, jina la mama likiwemo. Mkikosana, Mahkama ya Ardhi ndiyo inayosikiliza. Na kama mmoja wenu anataka fedha, wengine wamfidie ndani ya familia ili shamba libaki zima. Ninyi mko karibu na mji, na thamani yake itapanda.

SWALI: Mbona sisi wa Pwani ya Kenya bado ni maskwota katika ardhi ya mababu? (Msomaji, Kwale)

JIBU: Chanzo kikubwa ni sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa maili kumi kandokando ya bahari wadai ardhi yao kwa maandishi. Wengi wa Wamijikenda hawakuandikiwa chochote, kwa hiyo ardhi waliyoilima ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni au ikaandikwa kwa jina la mtu mwingine, ambaye wazao wake au wanunuzi wake huenda wanaishi mbali. Kwa kuwa Katiba ya 2010 inalinda mali yenye hati, Serikali haiwezi kuichukua bila fidia. Huko Likoni, kwa mfano, Serikali ilinunua shamba la ekari 930 kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, kisha wakazi waliokabidhiwa hati mwaka 2016 wakatakiwa kulipa shilingi 182,000 kila mmoja, jambo walilolipinga kwa sababu ile ile iliyoulizwa na msomaji wetu wa Nyandarua. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 68, inaliagiza Bunge kuweka kiwango cha juu cha ardhi ambayo mtu mmoja anaweza kumiliki. Muulizeni mbunge wenu amefanya nini kuhusu agizo hilo, na mumtake awajibu kwa maandishi.