Muulize Mshika Kamera: omena haingojangi mtu

SWALI: Mshika Kamera habari za Kisumu. Sisi ni kikundi cha akina mama 14, tunakausha omena (dagaa wa ziwani) na kuuza, beach yetu iko upande wa Siaya. Kuna wafadhili wametuambia tuwatumie video ya dakika tatu ya kuonyesha kazi yetu ndio wafikirie kutupea pesa ya kujenga reki za kukaushia, maana saa hii tunaanika chini kwa nyavu. Tumechanga elfu ishirini na tano. Kijana mmoja wa hapa ako na kamera poa, amesema atakuja Jumamosi saa sita mchana jua likiwa kali ndio picha itoke vizuri, atamaliza kwa masaa mawili. Roho yangu inakataa lakini mimi si mtaalamu. Tupange aje?
Katibu wa kikundi, Siaya

JIBU: Dada katibu, hiyo roho isikilize. Kamera anayo, sawa, lakini hiyo saa sita ameitoa kwa kichwa yake, hajaitoa kwa beach. Saa sita mnakuwanga mnafanya nini? Omena inavuliwa usiku na taa, mashua zinafika asubuhi, kelele yote ya kununua na kupima na kubeba mabeseni inaisha mapema, ikifika saa sita imeshaanikwa na nusu ya akina mama wameenda kuangalia watoto. Huyo kijana atakuta nyavu na mbwa wamelala chini ya mashua. Na hilo jua analolisifu ndilo litamharibia, sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana jua linasimama juu ya utosi na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi, hasa akiwa amefunga kitambaa. Mwangaza mzuri huku kwetu ni jua likichomoza mpaka kama saa tatu, halafu tena kutoka saa kumi na moja jioni mpaka lizame, na hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima halibadiliki sana. Kwa hivyo bahati iko kwenu, kazi yenu na mwangaza vinakuja wakati mmoja. Mwambie afike bado kuna giza.

Lakini hata kabla ya saa, angalieni mwezi. Nyinyi mnajua kuniliko kwamba mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haivuti omena vizuri, lakini mtu wa kamera hajui, na mtu wa kamera ndiye anapanga tarehe! Mimi mwenyewe yalinipata. Nilikodi gari kutoka Kisumu, nikalala kwa lojing’i yenye mbu, asubuhi nikasimama kwa maji na tripodi yangu nikingojea mashua, zikaja tatu, na zote zikiunganishwa hazijazi beseni mbili. Nikauliza mzee mmoja kwani kuna nini, akaniangalia akainua kidole juu. Mwezi ulikuwa bado unaonekana. Pesa ya gari nililipa kwa mfuko wangu na klayenti nilimwambia kuna tatizo la betri. Na kuna ule msimu wa kufunga uvuvi wa omena, Aprili mpaka mwisho wa Julai, kama wafadhili wanataka video mwezi wa Mei basi mrekodi Machi ama muwaambie ukweli.

Jumamosi pia siipendi. Kama kikundi kiko na wasabato hao hawatakuja, na kama kanisa lao liko karibu na spika zinaangalia ziwa, kila mama mtakayemhoji atakuwa na kwaya nyuma yake. Ndio maana nasema siku moja kabla, huyo kijana aje beach saa ile ile mtarekodi, aache kamera kwa begi, akae chini afunge macho dakika kumi asikilize. Posho mill iko wapi, inawashwa saa ngapi, injini za mashua, jogoo, redio ya kinyozi. Macho yanazoea kasoro lakini sauti mbaya mtu anazima video, na huyo mfadhili akizima amezima. Upepo nao, asubuhi ziwa linakuwa limetulia, alasiri upepo unatoka kwa maji unaingia nchi kavu na ukigonga maiki ni ngurumo tupu. Mahojiano yafanyike asubuhi, maiki ile ndogo ya kubana kwa nguo ivalishwe manyoya yake. Hana? Anunue ama aazime kabla hajafikiria kitu kingine chochote.

Sasa kitu ambacho sijasikia ukisema kwa barua yako. Wafadhili wanataka kuona nini? Mtu wa kujenga reki hajali mwenyekiti wenu akisoma hotuba, pole mama mwenyekiti. Anataka kuona omena iko kwa mchanga, kuku anadonoa, na zaidi ya yote anataka kuona mvua. Mvua ikipiga omena imeanikwa chini mnajua inaenda wapi, bei inaanguka, inauzwa chakula cha kuku. Hiyo ndiyo picha ya pesa na haiwezi kupangiwa Jumamosi saa sita. Kwa hivyo kuanzia leo mmoja wenu mwenye simu nzuri awe tayari, wingu likitanda alasiri asikimbie kwanza kuokota omena (najua inauma, wengine waokote), asimame arekodi, simu ameilaza kwa upana, dakika moja bila kuitingisha. Sekunde nane za hiyo zinashinda siku nzima ya kamera ya kukodi.

Skripti andikeni kwa karatasi moja. Mimi huhesabu maneno 100 hivi kwa dakika moja, Kiswahili kina maneno marefu, so dakika tatu ni maneno 300 na hapo hujaacha nafasi ya ziwa kusikika. Mkipata 600 kateni, msiongee haraka. Chagueni mama mmoja wa kubeba hadithi, si wote 14, na aongee Kijaluo kama ndio anaongea bila kujikwaa, maandishi yawekwe chini. Mtu akilazimishwa Kiingereza anaonekana kama amekamatwa.

Pesa: msimpe kijana zote mkononi. Nusu akianza, nusu mkishaona video, na muandike kabisa atarudia kurekebisha mara ngapi, mbili zinatosha, bila hivyo mtagombana bure. Muulizeni pia kadi ngapi anakuja nazo. Kamera ikirekodi 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, hiyo kadi yake ya GB 64 haifikishi hata saa moja na nusu, na mtu akianza kufuta video kwa beach ndio ajue ile ya maana inaenda. Usiku huo huo zinakiliwe mahali mbili.

Ruhusa ongeeni na BMU, ile kamati inasimamia beach yenu, mapema. Mtu mwenye uso wake kwa video akubali, mtoto mzazi wake akubali, tangu sheria ya data ya 2019 hiyo si adabu tu. Na ulizeni bodi ya filamu, KFCB, kuhusu leseni ya kurekodi, msingoje kuulizwa.

SWALI: Bro, niko Nakuru, nataka kupiga harusi na droni halafu maharusi wapate picha na flamingo kwa park. Kuna shida?
Wa Section 58

JIBU: Shida ziko mbili. Droni isajiliwe na KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, sheria zake ni za 2020, na ndani ya Lake Nakuru National Park hiyo ni himaya ya KWS, shirika la wanyamapori, kurekodi kibiashara kunalipiwa na droni inaombewa ruhusa yake peke yake. Omba wiki kadhaa kabla. Flamingo nao usiwaahidi mtu, maji yakipanda wanahama wanaenda Bogoria, bibi harusi atakulaumu wewe.

SWALI: Kwaya yetu ya Kakamega inataka video ya wimbo mmoja, tuko 30. Tuimbe laivu tukirekodiwa?
Mwalimu wa kwaya

JIBU: Mwalimu, hapana. Ingieni studio kwanza mrekodi wimbo, halafu siku ya video muucheze kwa spika kubwa na muimbe kwa sauti kabisa, si kufungua midomo tu, shingo inaonyesha. Anza kila mara na kofi moja mbele ya kamera, edita ataitumia kulinganisha sauti na picha, atakushukuru. Mkirekodi ndani ya kanisa chini ya zile taa ndefu, kamera iwekwe fremu 25 kwa sekunde na shata 1 kwa 50 ya sekunde, stima yetu ni hertzi 50 na bila hivyo taa zinapepesa kama disko. Nje malizeni kabla ya saa saba, Kakamega naijua, alasiri ni mvua. Na hao 30 wape saa moja ya uwongo, sema saa kumi na mbili ukitaka waanze saa moja.