"Mtaa mzima unajua ni yeye", halafu hakimu kamwachia. Imekuwaje?

Mkuu, umeuliza kwa nini kijana aliyeiba pikipiki ya shemeji yako kaachiwa wakati mtaa mzima unamjua. Swali hilo nililipigia kelele nje ya mahakama, nikiapa kwamba hakimu kala hela.

Duka langu lilivunjwa Tandika saa nane usiku. Nalala chumba cha nyuma, nikamwona mmoja anaruka ukuta: muuza maji wa pale kituo cha daladala. Mahakamani nikatoa ushahidi kwa kujiamini kabisa. Wakili wake, mama mmoja mpole, hakunigombeza. Taa gani ilikuwa inawaka? Ya jirani. Kutoka kwake mpaka kwako hatua ngapi? Kama kumi na tano. Ulimwona kwa muda gani? Sekunde tatu hivi. Usoni au mgongoni? Hapo nikameza mate. Halafu akaomba maelezo yangu ya polisi yasomwe. Usiku ule niliandikisha "watu nisiowafahamu". Jina nililipeleka siku mbili baadaye, maneno ya mtaani yalipoanza.

Maswali hayo hakuyabuni yeye. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyaweka wazi tangu 1980 kwenye kesi ya Waziri Amani: mwanga, umbali, muda wa kumwona mtu, kama mlijuana kabla.

Kilichonichanganya zaidi ni utetezi. Jamaa alisema alikuwa msibani Mbagala, shahidi hata mmoja hana. Nikajua kwisha habari yake. Kumbe si kazi yake kuthibitisha alikuwa wapi. Ni kazi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kuthibitisha alikuwa dukani kwangu, tena pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Uongo wake hauzibi mashimo ya ushahidi wenu. Yapo machache ambayo mzigo wa kuthibitisha unamgeukia mshtakiwa, kama anayedai alikuwa na wazimu, lakini kesi ya pikipiki haiko huko.

Shemeji aulize kwanza: shtaka limeondolewa, au kaachiwa huru kwa hukumu? Likiondolewa tu, kijana anaweza kushtakiwa upya. Ikiwa ni hukumu, kinachobaki ni rufaa, na hiyo, kama kesi ilisikilizwa mahakama ya wilaya, anakata Mkurugenzi wa Mashtaka, si shemeji.

Na ayasome tena maelezo aliyoandikisha polisi. Yangu niliyasaini nimesimama, sijasoma hata mstari, nawaza nani kabaki analinda duka lisilo na mlango.