Ekzosi ikipiga mshindo, sikiliza kabla ya kununua spea

Land Rover langu ni Series III la petroli, injini ya lita 2.25, na mwaka jana lilinisumbua miezi mitatu mizima. Kila nikiteremka kutoka Mazeras kuja Miritini, nikiondoa mguu kwenye mafuta tu, ekzosi inapiga: pa! pa-pa! Usiku nikiingia Kibokoni, Mombasa, na vichochoro vyetu mnavijua vilivyo vyembamba, watoto wa jirani wanaamka wakilia. Hilo liliniuma kuliko gari lenyewe.

Fundi wa kwanza hata injini hakuiwasha. Alisema kabureta imekufa. Nikanunua nyingine, ikafungwa, na jioni ile ile mishindo ikawa pale pale. Kisha akataka tubadilishe koili, ile inayozalisha umeme wa plagi. Hapo nikaona nitamaliza pesa, nikalipeleka gari Changamwe kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye magari haya. Baada ya salamu akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, linapiga wakati gani?"

Swali hilo lina uzito kuliko spea yoyote. Mshindo ni petroli ambayo haikuungua yote ndani ya silinda, ikaenda kuungulia kwenye bomba. Imefikaje huko? Saa ya mshindo ndiyo inayokujibu.

Langu lilipiga nikiachia mafuta, basi. Wakati huo mchanganyiko hauungui vizuri, mabaki ya petroli yanatoka na moshi, na bomba likiwa na tundu linavuta hewa ya nje. Petroli, hewa na joto vikikutana, mlipuko. Mzee akaiwasha injini ikiwa baridi, akaziba mdomo wa ekzosi kwa tambara lililoloweshwa, sekunde chache tu, huku mimi nasikiliza upande wa manifoldi, chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Chu-chu-chu. Gasketi, ile kizibio ya pale bomba linapoungana na manifoldi, ilikuwa imeungua, na stadi moja (bolti isiyo na kichwa) imekatika kwa kutu. Fanya kipimo hiki asubuhi kabla gari halijapata moto, kwa sababu vyuma vikipashika vinatanuka na tundu dogo huweza kujificha. Na ufanye nje, si ndani ya gereji iliyofungwa.

Sisi wa pwani chumvi ya bahari inakula kila kitu, kwa hivyo stadi hizo usizilazimishe. Zetu tulizimwagia mafuta ya kulainisha kutu jioni, zikalala hivyo, asubuhi tukazipasha moto kidogo kidogo ndipo zikakubali. Stadi ikikatikia ndani ya manifoldi utaitoboa kwa drili, na hiyo ni kazi ya siku nzima. Gasketi na stadi mpya zilinigharimu sehemu ndogo sana ya bei ya ile kabureta, na mishindo ikaisha.

Lako likipiga ukiwa unapanda mlima au umebeba mzigo, achana na bomba, tazama moto wa plagi. Anza na pointi, vyuma viwili vidogo vinavyounganisha na kukata umeme ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Kwa injini hii nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisigino cha pointi kikilika kwa kusuguliwa nafasi inapungua, moto unachelewa, na valvu ya ekzosi inafunguka petroli ikiwa bado inaungua. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi na pointi, nayo ina tabia ya kufanya kazi vizuri ikiwa baridi, kisha inakufa injini ikipata moto. Msimu wa masika kitazame kifuniko cha distribyuta kwa ndani. Ukiona mstari mwembamba mweusi, umeme unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Na kama kuna mtu alizigusa waya za plagi juzi, hakikisha mpango wa kuwasha silinda ni 1-3-4-2 kabla ya kumlaumu mtu.

Plagi zikitoka na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi mno: mara nyingi choki, ile inayoongeza petroli injini ikiwa baridi, hairudi yote. Likitema moto kwa mbele, kwenye kabureta, hiyo ni kesi nyingine. Huko tafuta petroli kidogo au hewa inayoingia kwa wizi kwenye manifoldi ya kuvuta, ile inayopeleka mchanganyiko kwenye silinda. Yote yakiwa sawa, pima nafasi ya valvu, milimita 0.25. Valvu ya ekzosi iliyobanwa haifungi sawasawa, na ikiachwa hivyo inaungua.

Jambo moja nawasihi madereva wenzangu. Wapo wanaozima swichi kwenye mteremko wa Mazeras ili kuokoa mafuta, kisha wanaiwasha chini. Injini, ikizungushwa na magurudumu, inaendelea kuvuta petroli isiyowashwa na kuijaza kwenye salensa, na siku moja salensa inapasuka. Zaidi ya hayo, usukani unaweza kujifunga.

Tundu la ekzosi nalo lisikae hata wiki moja. Moshi ule una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na magari haya ya zamani sakafu zake zina matundu kila mahali. Mke wangu alikuwa akiumwa kichwa kila tukirudi Kwale, nami nikidhani ni jua. Tangu gasketi ile ifungwe, hajaumwa tena.