Kabla hujaagiza gari ya haidrojeni kutoka Japani, nisikize kidogo

Mpwa wangu hapa Malindi kanitumia picha kwa WhatsApp saa sita za usiku, Toyota Mirai, imetumika, iko Japani, bei ukiiona utadhani wamesahau sifuri moja. "Mjomba, hii si ni bure hii? Na haili petroli!" Nikamwambia usitume hata shilingi, mi hiyo gari nimeiendesha miaka miwili nilipokuwa California, najua kwa nini inauzwa hivyo.

Gari yenyewe ni tamu, wallahi. Ukiiwasha husikii kitu, ukikanyaga inaondoka kama ya umeme kwa sababu ni ya umeme kweli, ila umeme wake inajitengenezea humo humo, haidrojeni inatoka kwa mitungi inakutana na oksijeni ya hewani, unapatikana umeme na maji, basi. Moshi hakuna. Kuna kitufe kimeandikwa H2O, ukikibonyeza yale maji yanamwagika nyuma, watoto wa jirani kila jioni wananigongea mlango eti nikaikojoze gari.

Yangu ilikuwa ya toleo la pili, lile lililotoka mwisho wa 2020, ikijaa inaenda kilomita mia sita na kitu, yani Malindi Mombasa kwenda na kurudi mara mbili na bado una za kuzurura. Kujaza dakika tano. Gesi inaingia kwa presha ya baa 700 tena imepozwa mpaka kama nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hivyo kukiwa na unyevu ile nozeli inaganda inashikamana na gari, unavuta haitoki, watu nyuma wanapiga honi na wewe umesimama tu unangoja barafu iyeyuke.

Sasa balaa ni hizo pampu za haidrojeni. Kabla ya kutoka nyumbani unaangalia simu ipi inafanya kazi, unafika imeharibika au gesi imeisha, unageuza kwenda mji mwingine huku sindano ya roho inashuka pamoja na ya tangi. Nilipoanza kilo ilikuwa dola kumi na kitu, 2023 ikafika 36, na gari inabeba kilo 5.6, piga hesabu mwenyewe, dola 200 kujaza mara moja! Wengi tulikuwa tumepewa kadi ya mafuta ya dola 15,000 tuliponunua, ndo maana hatukushtuka mapema. Halafu 2024 vituo kadhaa vikafungwa kabisa.

Na hiyo ni California. Kenya hakuna pampu hata moja ya kujazia gari kama hii. Serikali ilizindua mpango wa haidrojeni 2023, sawa, lakini hamu yao kubwa ni kuitumia kutengenezea mbolea, sio kujazia Mirai yako. Mpwa akaniuliza si tutatia hata gesi ya mtungi wa jikoni. Hapana baba, hiyo ni gesi nyingine kabisa, usijaribu! Ukiona gari yoyote rahisi kupita kiasi uliza utaijaza wapi, na hii Mirai uangalie pia tarehe ya mitungi yake ya haidrojeni, ina mwisho wake.

Keshanunua Probox. Ijumaa alinipitia twende Mambrui, na njia nzima anauliza kile kitufe cha maji.