Maswali ya wasikilizaji hayasikiki, sisi tunapasua masikio: tatizo ni nini?

SWALI: Tunaendesha podikasti ya teknolojia, wawili, maongezi ya kawaida tu. Wasikilizaji hututumia maswali kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Wakati wa kuhariri nahakikisha vilele vya mawimbi vinalingana, lakini malalamiko hayaishi: maswali yako chini, na sisi tukicheka mtu anarukia kitufe cha sauti. Nakosea wapi?

JIBU: Unalinganisha vilele, na sikio halisikilizi vilele. Kilele ni ile nukta ya juu kabisa ya wimbi, mara nyingi mlio wa kufumba na kufumbua: honi, meza iliyogongwa, "p" iliyopiga maiki. Swali lililorekodiwa barabarani, honi yake moja ikigusa -1 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti; 0 ndicho kikomo cha juu), litaonekana sawa na sauti yenu kwenye skrini huku maneno yenyewe yamebaki chini kabisa.

Pima kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi unavyosikika kwa muda. Apple Podcasts inapendekeza -16 LUFS, kasoro au zaidi kwa 1, na vilele visivuke -1 dB. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua klipu ya swali peke yake, fungua Loudness Normalization, futa -23 iliyomo, andika -16. Kile kisanduku cha kuhesabu mono (sauti ya chaneli moja) kama chaneli mbili kiache na alama yake. Rudia kwa treki (mstari wa rekodi) ya kila mwendeshaji, kisha pima kipindi kizima.

Ila usianze na hatua hiyo. Ukipandisha klipu kwa 12 dB, mvumo wa feni nao unapanda 12 dB. Kwanza kata honi, ondoa masafa ya chini ya 80 Hz (mivumo mizito), punguza kelele, ndipo upandishe. Kwenye kupunguza kelele, 6 hadi 9 dB zinatosha. Ukikazana hadi kelele iishe kabisa, mtu atasikika kama anaongea ndani ya pipa la maji, na hilo linachosha kuliko feni yenyewe. Mwisho weka limita, kizuizi cha vilele, kwenye -1.5 dB, kwa sababu faili likigeuzwa kuwa MP3 vilele huweza kupanda kidogo.

Ujumbe wa WhatsApp huja kwa mfumo wa Opus. Programu yako ikikataa kuufungua, tumia FFmpeg, programu ya kugeuza mafaili kwa kuandika amri, kuufanya uwe WAV, faili la sauti isiyobanwa:

ffmpeg -i swali.opus -ar 48000 swali.wav

Usiupitishe kwenye MP3 kwanza. Utapoteza ubora mara mbili.

Vicheko ni suala jingine, na dawa yake iko kwenye kurekodi. Kila mmoja awe na maiki na treki yake, mdomo sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, na maiki ya mwenzake iwe mbali angalau mara tatu ya hapo. Hivyo unaweza kushusha kicheko kwa mkono, 4 hadi 6 dB, bila kumzamisha anayeongea. Kama nyote mko kwenye treki moja, kompresa (kifaa cha kupunguza sauti zinapozidi) ya 3:1 itasaidia kiasi, si zaidi.

Wasikilizaji nao wape maelekezo mafupi kila kipindi: chumba kilichofungwa, simu umbali wa kiganja kutoka mdomoni, bila spika za masikioni za Bluetooth (nyingi hubana sauti maiki yake ikiwashwa), sekunde 40, swali moja. Waombe wanyamaze sekunde mbili kabla ya kuongea. Ukimya huo ndio sampuli utakayoipa programu ijue kelele ya chumba chao ikoje. Pia waseme wazi kama jina lao litajwe hewani.

Zipo jumbe zisizotengenezeka: upepo mkali, au mtu aliyepiga kelele hadi wimbi likakatika vichwa. Hizo usihangaike nazo. Soma swali mwenyewe, mtaje aliyeuliza kama ameruhusu, mwendelee kujibu.